Tathmini ya Juni na inchaji mgeni: muuguzi ajiandaeje?

Swali: Shikamoo Sista. Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwaka wa tatu kazini, wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Tathmini ya mwaka ni mwezi ujao. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, aliyenifahamu alihamishwa Februari, na huyu aliyepo ananijua kwa sura tu. Mwaka jana nilipewa alama za wastani bila kuelezwa sababu, nikakubali yaishe. Safari hii nataka kujiandaa ila sijui nibebe nini. Halafu Oktoba kulitokea jambo: nilimchoma mama antibiotiki, nikachelewa kusaini chati, mwenzangu wa jioni akairudia dozi. Mama hakudhurika. Nilitaje au ninyamaze? Na niende na sare au nguo za nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo la "nikakubali yaishe" ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Wauguzi wengi niliowasimamia walikuwa hodari kitandani kwa mgonjwa, lakini wakikaa mbele ya meza ya tathmini wanakuwa mabubu. Mtu amekesha na mama mwenye kifafa cha mimba mpaka presha ikashuka, ukimuuliza mwaka wake umekwendaje anajibu, "Tunamshukuru Mungu, tumefanya kazi vizuri." Sasa anayetoa alama aandike nini hapo?

Fungua PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, leo hii, usisubiri wiki ya tathmini. Unapimwa kwa yale mliyokubaliana wewe na msimamizi wako mwaka wa fedha ulipoanza Julai, hupimwi kwa jinsi unavyochoka. Soma majukumu uliyojiwekea, moja baada ya jingine. Nina wasiwasi utakuta umeandika "kutoa huduma bora kwa akina mama na watoto", kwa sababu wengi huandika hivyo hivyo, wengine wakinakili kwa mwenzao wa kitanda cha pili. Jukumu la namna hiyo halina mwisho wala kipimo, na pasipo na kipimo msimamizi ambaye hakujui atakupa alama ya katikati ili asigombane na mtu. Mimi naamini alama zako za mwaka jana zilitokea hapo, kabla hata hujaingia ofisini.

Nyinyi vijana hamkukuta fomu za siri. Zamani mkubwa wako alikuwa anakujaza gizani, fomu inapelekwa juu, na wewe unakuja kujua ulichoandikiwa siku unapokosa kupanda cheo. Julai 2004 Serikali ikaleta OPRAS, mfumo wa wazi: mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo, wayapitie Desemba, wayapime Juni, na wakishindwa kuelewana awepo mtu wa tatu. Sasa PEPMIS imechukua nafasi yake na karatasi zimeondoka. Ila tabia ya gizani haijaondoka kwa kila mtu. Kuna wasimamizi wanaojaza alama za wodi nzima jioni moja bila kumwita hata mmoja, na kuna wauguzi wanaoshukuru kutoitwa. Wewe omba kuitwa. Mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi ya msimamizi wako, kwa hiyo ukiyaomba huombi fadhila.

Tuje kwenye nini ubebe. Bahati yako uko wodi ya wazazi, wodi ambayo karibu kila kitu kinaandikwa. Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya, kina kila mama aliyejifungulia kwenu. Patografu, yaani chati za maendeleo ya uchungu, zina mkono wa aliyeufuatilia. Kuna kitabu cha ripoti za zamu, rosta, leja ya dawa, kitabu cha mahudhurio. Kazi yako ya mwaka mzima imelala humo, na hakuna atakayekwenda kukuokotea.

Lakini usiende kuhesabu umezalisha akina mama wangapi. Hilo ndilo kila mtu hukimbilia, na ni ushahidi dhaifu, kwa sababu idadi ya wanaojifungua inategemea siku na zamu uliyopangwa. Aliyepangwa usiku mara nyingi atakuwa na wengi, aliyekuwa likizo ya uzazi atakuwa na wachache, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa bora kuliko mwenzake kwa sababu hiyo. Tafuta mahali ambapo mkono wako ulibadilisha kitu.

Nikuonyeshe kwa patografu. Chukua mwezi mmoja wa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, tuseme Agosti, na mwezi mmoja wa karibuni, tuseme Aprili. Mwombe inchaji ruhusa, kisha kaa humo humo wodini na mafaili ya akina mama uliowafuatilia wewe. Kwa kila patografu jiulize mambo machache. Mapigo ya moyo ya mtoto yameandikwa kila nusu saa, au kuna pengo la saa mbili halafu vidoti vitano vimewekwa kwa mpigo mmoja na kalamu ile ile? Presha ya mama ipo kila baada ya saa nne? Mstari ulipovuka upande wa hatari, kuna maneno yanayosema daktari aliitwa saa ngapi na akaamua nini? Oksitosini vizio 10, sindano ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi, imeandikwa na muda wake, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka? Hesabu ngapi zimekamilika Agosti, ngapi Aprili. Ukikuta umepanda, umepata sentensi ambayo hakuna msimamizi atakayeipuuza. Ukikuta umeshuka, ni heri umejua wewe kabla yake, na mara nyingi rosta itakuambia kwa nini.

Nimesema ukae wodini kwa makusudi. Vitabu na mafaili havitoki kwenda nyumbani, na usipige picha ya ukurasa wenye jina la mgonjwa, hata ukilifunika kwa kidole. Siku hizi mtu anapiga picha kila kitu na kukibandika kwenye mfumo kama uthibitisho. Faili la mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni siri yake. Wewe chukua hesabu tu, uandike zimetoka kitabu gani na mwezi gani. Anayetaka kuhakiki atakwenda kwenye kitabu.

Upande wa pili ni kazi ambayo haiandikwi popote, na kwa muuguzi hiyo ndiyo nyingi. Nani anakagua meza ya kumhudumia mtoto asiyepumua kila zamu inapoanza? Nani anaibonyeza ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, kuona kama inavuja, anatazama kama barakoa namba 0 na namba 1 zote zipo, kipira cha kufyonza ute kimesafishwa, taa ya joto inawaka? Kama ni wewe, hakuna kitabu kitakachokusema, maana mambo yakienda sawa hayaachi alama. Kuanzia kesho fungua daftari dogo, ukurasa mmoja kwa mwezi, uandike vitu vya namna hiyo kwa tarehe bila majina ya wagonjwa. Kwa mwaka huu uliokwisha, kaa na mwenzako mmoja mnayeelewana mkumbushane. Utashangaa atakavyokukumbusha: wewe ndiye uliyewafundisha wale wanafunzi wa chuo kufunga mpira wa mkojo, wewe ndiye uliyepanga upya kabati la dawa za dharura wakati timu ya uboreshaji ilipokuwa inasukuma 5S, utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, na kila mtu anaimba "sasambua, seti, safisha" bila kusogeza hata boksi.

Ukishakusanya, yaandike upya. Hapa wengi hukwama kwa aibu, wanaona wanajisifu. Malezi yetu hayatufundishi kujitaja, na muuguzi akizungumza hujificha nyuma ya zamu nzima: tulifanya, tulihakikisha, tulijitahidi. Jaribu kutenganisha. Zamu ilimwokoa mama. Wewe ulifanya nini katika dakika zile? Ulikanda mfuko wa uzazi, au ulifungua mshipa wa pili, au ulikimbilia damu? Sema hicho kimoja, kisha mtaje na mwenzako kwa alichofanya yeye. Hayo si majivuno, ni taarifa, na mbona kwenye ripoti ya asubuhi mnaitoa bila haya?

Tofauti yake ni hii. "Nilijituma sana kwenye ufuatiliaji wa uchungu" haina kitu ndani yake. "Kati ya patografu 20 nilizozifuatilia Agosti, 11 zilikuwa zimekamilika; Aprili ni 18 kati ya 20. Nilianza kuweka saa ya ukutani mbele ya kitanda na kuandika papo hapo badala ya mwisho wa zamu." Namba hizo nimezitunga kukuonyesha umbo, weka zako. Angalia kwamba sentensi ya pili inasema na namna ulivyofanya, na inchaji mwenye akili atataka wengine waige.

Vyeti vya semina usivibebe kama rundo. Pointi za mafunzo endelevu unazihitaji kwa ajili ya leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na huko zina kazi yake. Kwenye tathmini swali ni jingine: ulirudi ukafanya nini? Kama ulihudhuria mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kisha ukamtoa mdoli kabatini mkafanya mazoezi na wenzako baada ya ripoti, hilo lina uzito kuliko vyeti vitano. Kama ulirudi na begi na kalamu, nyamaza tu.

Sasa huyu inchaji mgeni. Amekuta miezi 7 ya mwaka imekwisha, naye ana wauguzi wengine wa kupima na hana kumbukumbu yao. Usimwone adui, ana shida ile ile uliyo nayo. Mtafute wewe kwanza. Usimfuate mara baada ya ripoti ya asubuhi, hapo kichwa kiko kwenye raundi na vitanda. Subiri mchana madaktari wakishatoka wodini, umwambie hivi:

"Sista, samahani. Tathmini imekaribia na najua umekuja katikati ya mwaka. Nimeandaa ukurasa mmoja wa kazi zangu tangu Julai, naomba nikuachie uusome kwa nafasi yako, halafu unipangie nusu saa tuzungumze."

Ukurasa mmoja, mwanangu, usizidi. Majukumu mliyokubaliana, chini ya kila moja ulichofanya na mahali pa kukihakiki, na mwisho mambo mawili unayotaka kuboresha. Umpe walau wiki nzima kabla. Atakayekuja mezani akiwa ameusoma hawezi tena kukupa alama ya kubahatisha, na kama ni mtu mwungwana atashukuru umempunguzia kazi.

Vilevile kuna mapitio ya Desemba. Kama mliyafanya na inchaji wa zamani, yale ni maandishi yake, yatoe. Kama hamkuyafanya, au yalifanywa juu juu, mpigie simu umwombe aseme neno kwa huyu mpya, au akuandikie mistari michache kuhusu kipindi cha Julai hadi Februari. Amehama kituo, hajafuta aliyoyaona. Hakikisha tu inchaji mpya anajua kwamba umempigia, asije akadhani unamzunguka.

La Oktoba lisikutoe jasho, ila usilifiche. Kwanza tofautisha mambo mawili. Tathmini ni tathmini, na mashauri ya nidhamu yana utaratibu wake wa kuandikiwa na kujieleza. Kama tukio lile lilishafunguliwa shauri na halijaisha, usianze kujitetea mbele ya inchaji. Sema lipo kwenye utaratibu, muendelee na mengine. Lakini kwa jinsi ulivyolieleza, naona liliishia wodini. Basi litaje wewe kabla hujaulizwa. Msimamizi mgeni akilisikia kwako ni habari moja. Akilisikia kwa mtu mwingine mlangoni ni habari nyingine kabisa.

Ulitaje kwa ufupi, bila machozi wala kumtupia mwenzako wa jioni. Tarehe, kilichotokea, hali ya mama, na hatua zilizochukuliwa siku ile. Halafu njoo kwenye kiini: kwa nini saini ilichelewa? Nitakisia, kwa sababu nimeliona mara nyingi. Chati zenu ziko mezani kwa wauguzi, mama yuko kitanda cha mwisho, unachoma sindano tano mfululizo ukitegemea kurudi kusaini zote pamoja, njiani unaitwa leba kichwa kinatoka. Kama ndivyo, dawa yake ni kwenda na chati kwenye troli na kusaini mbele ya mgonjwa kabla hujasogea kitanda kingine, na kwenye makabidhiano ya jioni mpite kitanda kwa kitanda mkitaja dozi ya mwisho na saa yake. Kama ulishaanza kufanya hivyo tangu Oktoba, hilo tukio limegeuka kuwa ushahidi wako mzuri kuliko mingine. Kama hujaanza, una wiki nne.

Kuna jambo hukuuliza lakini litakukuta: sehemu ya tabia na mahusiano. Hapo hakuna patografu ya kukuokoa. Kuwahi kazini kunaonekana kwenye kitabu cha mahudhurio, na uende ukakitazame mwenyewe, kwa sababu wapo wanaosahau kusaini kutwa nzima halafu wanaandikwa hawakufika. Lugha kwa wagonjwa ni kubwa zaidi. Leba ndiko malalamiko ya matusi na kufokewa yanakotoka, na inchaji yeyote anajua ni nani anatajwa kwenye sanduku la maoni. Kama mama amekuandikia shukrani humo, itaje. Usimwombe mgonjwa akuandikie, ni aibu na inanuka. Na kama umewahi kulalamikiwa, jibu kama ulivyojibu la Oktoba.

Upungufu wa watumishi uuseme pia, ila uuseme kwa rosta. Ukilalamika kwamba kazi ni nyingi, utaambiwa ni nyingi kwa wote, na ni kweli. Ukifungua rosta ukaonyesha zamu za usiku ulizokuwa peke yako, leba na wodi ya waliojifungua, halafu ukaonyesha kwamba patografu zenye mapengo ni za usiku huo huo, umempa inchaji silaha ya kwenda nayo kwa Muuguzi Mkuu kuomba mtu wa pili. Vivyo hivyo kwa dawa na vifaa: kama oksitosini iliisha, leja inaonyesha iliagizwa lini na ikafika lini. Tathmini nzuri humfaa na msimamizi.

Usitoke humo bila kuomba kitu. Huu ndio muda wa kusema unataka kupelekwa mafunzo ya wodi ya watoto wachanga, au upangwe zamu na mkunga mzoefu kwa miezi michache, au uingie kwenye timu ya uboreshaji. Omba kimoja au viwili vinavyowezekana. Kisha muwekeane majukumu ya mwaka mpya yenye namba na tarehe ndani yake, ili Juni ijayo usirudi kwangu na swali hili hili.

Alama zikitoka usiporidhika, uliza kipengele kwa kipengele: "Hapa nimepata hii, ningefanya nini nipate ile ya juu?" Swali hilo linamlazimisha mtu ataje kitu. Akishindwa kutaja, andika hoja zako kwa heshima, uambatishe ukurasa wako, umwombe mzipeleke pamoja kwa Muuguzi Mkuu wa hospitali. Ikishindikana huko, ofisi ya utumishi ipo. Usikubali kwa hasira wala kwa kuchoka, maana kumbukumbu hizi hutazamwa siku ya kupandishwa daraja, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa umechoka. Kwenye kundi la WhatsApp la wodi usilipeleke jambo hili kabisa. Nimeona alama zinazoweza kurekebishwa zikageuka ugomvi wa mwaka mzima kwa sababu ya sauti moja ya sekunde kumi.

Kuhusu nguo: kama uko zamu, sare yako safi na kitambulisho. Kama umekuja siku ya mapumziko, nguo yoyote ya heshima, inchaji hatapima gauni. Ila ukipangiwa asubuhi ya kutoka usiku, omba isogezwe. Kwa mtu aliyekesha leba, hata swali la kawaida humfikia kama lawama, naye inchaji atajikuta anampima mtu mwenye usingizi.